Msitu Uliolala Chini ya Visiki

Ukitoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay mwishoni mwa Septemba, barabara inapoanza kujikunja kuteremkia ziwani, utakuta msitu umebadili rangi. Mlima mzima ni mwekundu. Mahali pengine ni wekundu wa sufuria ya shaba iliyosuguliwa jana, pengine ni rangi ya waridi, pengine kahawia inayong'aa, na katikati yake panajitokeza kijani chepesi kama cha maharage machanga. Kijana aliyekaa mbele yangu kwenye kosta alimgusa mwenzake akamwambia, "Moto umeteketeza huku kote." Nilitaka kumjibu, nikasita, gari likapinda kona nyingine. Hakuna moto uliopita pale. Yale yalikuwa majani yaliyozaliwa wiki ileile.

Mvua za huku huanza Novemba, na miaka mingine huchelewa hadi Desemba. Septemba ni kiangazi kikali, vijito vimekonda na udongo umekuwa mgumu kama tofali. Ndipo miti ya miombo inapotoa majani. Haisubiri tone la kwanza. Hutumia maji iliyoyaweka shinani na yale ambayo mizizi yake imeyafuata mbali ardhini, ili mvua ikija ikute jani limekwisha kukomaa, liko tayari kwa kazi. Ile rangi nyekundu ni mwavuli: jani changa bado halina nguvu ya kulihimili jua, basi hujifunika nayo mpaka lijiweze. Majuma machache baadaye wekundu unafifia, kijani kinatawala, na msafiri wa Novemba hawezi kuamini akisimuliwa.

Wakati huohuo maganda ya mbegu yanapasuka. Simama kimya msituni saa nane mchana, utasikia pa! Halafu pa! nyingine, mbali kidogo, kama mtu anayevunja kuni kavu kwa goti. Ganda la myombo ni gumu kama ubao na lina pande mbili. Jua likilikausha, kila upande unavutika kujisokota kwa mwelekeo wake, mpaka mshono unashindwa na mbegu bapa za kahawia zinarushwa meta kadhaa. Niliokota nusu moja ya ganda kandokando ya barabara. Iko mezani ninapoandika haya, imejisokota kama maranda ya fundi seremala, na ukiipitisha kidole kwa ndani utahisi vitanda vidogo, laini kabisa, ambamo mbegu zililala.

Nimeipita njia hii miaka mingi, na kila safari nasikia neno lilelile likitajwa kuhusu miti hii: pori. "Hapo ni pori tu." Neno hilo linaniuma, kwa sababu tukishaliita pori tunakuwa tumeshaamua kwamba halina mwenyewe, halina umri, na kulikata ni kulisafisha. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na sehemu kubwa mno ya hizo ni miti ya namna hii iliyoachana nafasi, yenye nyasi chini. Ile misitu minene ya mlimani tunayoiweka kwenye kalenda ni kipande kidogo. Msitu wetu hasa ni huu tunaoupita madirishani tukidhani umeungua.

Ulaya nako kuna mti wenye rangi kama hizi, ambao Wajerumani huuita Buche. Una gome laini la kijivu, na majani yake hugeuka rangi ya shaba kila Oktoba kabla ya kudondoka. Misitu mikongwe ya mti huo iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2007, ikianza na ya Slovakia na Ukraine. Ujerumani ikaongezwa mwaka 2011, na kufikia 2021 urithi huo ulikuwa katika nchi 18. Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899 walitumwa kutoka Bavaria, kwenye misitu ya miti hiyo. Huwa nawaza Oktoba yao ya kwanza huku ilikuwaje, walipoinua macho na kuona vilima vyenye rangi ya kwao, ila mambo yamepinduka: kule ni rangi ya jani linalokufa, huku ni ya jani linalozaliwa.

Misitu hii miwili ina undugu mwingine usioonekana kwa macho. Mizizi ya Buche imevalishwa kuvu. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, huifunika ncha ya mzizi kama soksi, kisha zikasambaa udongoni kutafuta maji na fosforasi na kuuletea mti. Mti nao hulipa kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Miti mingi ya Afrika ina kuvu wa aina nyingine, wanaoingia ndani kabisa ya mzizi. Lakini myombo, mtondoro na mkusu imechagua njia ya Buche. Udongo wa miombo ni mkongwe, umechujwa na mvua tangu zama ambazo hakuna awezaye kuzisimulia, na bila nyuzi hizi miti isingepata cha kula. Ule uyoga unaochipua mvua zikishika, wa manjano, mweupe, wa rangi ya chungwa, ni tunda tu. Mwenye tunda yuko chini, mwaka mzima, hata Septemba hii ambapo juu pameiva kwa jua.

Na kati ya misitu hii miwili yuko mjumbe anayekwenda na kurudi. Ni kindege mkamata nzi wa gramu 13 hivi. Dume lake likiwa kwao Ulaya ya kati lina rangi nyeusi na nyeupe na ukosi mweupe shingoni, na hupenda kuzaa kwenye matundu ya miti mikongwe, Buche ikiwamo. Baridi ikikaribia huvua ule weusi, huvaa kahawia, huvuka Mediterania na Sahara, na kutua katika miombo ya kusini mwa bara letu. Mtu wa Ulaya anayemsikiliza akiimba mwezi Mei hana habari kwamba uhai wa mwimbaji huyo umetegemea miezi mingi ya kula wadudu kwenye miti ambayo mtu mwingine, huku, aliiangalia na kukadiria itatoa magunia mangapi ya mkaa.

Wamatengo, wenyeji wa milima hii, wamebeba msitu kwenye jina. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jina lao linatokana na neno la msitu mnene, kitengo, kwa kuwa ndivyo milima hii ilivyokuwa. Katikati ya karne ya 19, Wangoni walipofika kutoka kusini na kuanza kuvamia, watu walipanda juu zaidi, wakajibanza kwenye miinuko na mapango. Watu wengi, ardhi finyu, mteremko mkali: katika hali hiyo kilimo kingine chochote kingeubeba udongo wote hadi bondeni kwa msimu mmoja. Ngoro ndiyo iliyowaokoa.

Ukiitazama ngoro kutoka mlima wa pili, inafanana na sega la nyuki lililobandikwa ukutani. Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana ili kutengeneza miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi zile. Hubaki shimo katikati na tuta kila upande. Wanaume hufyeka na kupanga nyasi. Wanawake huchimba na kufukia, na yeyote aliyewahi kushika jembe kwenye mteremko ule anajua uzito uko kwa nani. Maharage hupandwa matutani mwezi Machi, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikipiga, maji hayapati nafasi ya kukimbia. Yanaingia shimoni, yanatulia, yanazama taratibu. Nimewahi kusimama ukingoni mwa shamba la ngoro baada ya mvua ya saa nzima. Kila shimo lilikuwa na kioo chake cha maji, mamia kwa mamia yakipanda kufuata mlima, na kijito cha chini kilikuwa bado cheupe.

Ardhi ilihesabiwa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, mali ya ukoo mmoja. Nyumba zilijengwa kiunoni mwa mlima, mashamba yakazizunguka, na kileleni msitu uliachwa. Watu wa ukoo walikula pamoja kwa babu na kuzungumza mambo yao hapohapo, sahani zikiwa bado chini. Hiyo iliitwa sengu. Kuhusu kile kilele hakuna aliyehitaji bango. Kila mtu pale sahanini alijua maji ya kunywa yanatoka wapi.

Kahawa iliingia miaka ya 1920. Imeezeka nyumba kwa bati na kusomesha watoto wa Mbinga hadi vyuo vikuu, na siwezi kuisema vibaya. Lakini watu waliongezeka, mashamba yakapanda, tanuri za matofali zikadai kuni, na mashoka yakafika kileleni. Msitu wa juu sasa umebaki vipande: korongo ambalo hata ngoro hailiwezi, ukingo wa kijito, makaburi. Miombo imebaki zaidi kwenye mteremko wa ziwani na upande wa kusini, hadi Pori la Akiba la Liparamba mpakani na Msumbiji. Hata hivyo vipande vinafanya kazi ambayo huwezi kuiona ukiwa umesimama mahali pamoja. Mto Ruvuma, ulioupa jina mkoa mzima, unapokea maji ya milima hii, lakini unalipa ziwa kisogo na kuelekea mashariki hadi Bahari ya Hindi. Tone la mvua likianguka upande wa pili wa mgongo wa mlima, linateremka Ziwa Nyasa, linatoka kusini kwa Mto Shire, linaingia Zambezi, na ndipo linaifikia bahari ileile. Jani moja la mti wa kileleni linaweza kuyagawa matone hayo mawili.

Oktoba mwaka jana nilishuka njiani, juu kidogo ya tambarare ya ziwa, nikamfuata mzee mmoja mfuga nyuki. Tulisalimiana, akaniuliza safari yangu, nikamwambia natafuta msitu wa zamani. Akacheka kwa upole.

"Umeukalia, mwanangu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kisiki. Aliniinua akanionyesha. Kisiki kilikuwa na upana wa sinia la kuleta chakula cha watu wanne. Katikati kilikuwa kimeoza, mchwa wamejenga ndani yake, na udongo mwekundu umejaa mpaka juu. Lakini ukingoni, pale gome linapokutana na mti, machipukizi yalikuwa yametoka pande zote. Niliyahesabu: kumi na saba. Mengi yalikuwa membamba kama penseli na majani yake mekundu yananing'inia kama nguo iliyoanikwa bila kukamuliwa. Mawili yalikuwa manene kuliko mkono wangu na yameshanipita urefu. "Huu niliukata mimi," alisema, "tulipofungua shamba la mihogo. Nilidhani nimeumaliza." Shamba lile aliliacha udongo ulipochoka. Tulitembea, akawa ananionyesha kisiki baada ya kisiki, na kati ya visiki mizizi iliyokuwa imelala nayo ilikuwa imerusha vichipukizi vyake, hata sikuweza kusema mti mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi.

Hilo ndilo jambo ninalotaka watu wa Mbinga na Nyasa, na viongozi wao, walisikie. Miombo iliyokatwa kwa shoka huwa haijafa. Ukongwe wake hauko kwenye shina. Shina linaweza kuwa na miaka kumi, na mzizi uliolizaa ukawa umewazika mababu wa mababu. Inachipua kwenye visiki na mizizini haraka kuliko mche wowote wa kitalu, kwa sababu mzizi tayari upo na kuvu wake tayari wapo. Kinachoiua kweli ni vitu viwili: visiki kung'olewa, na moto wa mwisho wa kiangazi.

Kuhusu moto, jibu limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1933 wataalamu wa misitu huko Ndola, katika Zambia ya leo, walianza kutenga viwanja vya miombo: vingine wakavichoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vingine wakavichoma mwishoni mwa kiangazi, vingine wakavikinga na moto kabisa. Wakaendelea hivyo kwa miongo. Vilivyochomwa mwishoni viligeuka nyika. Vilivyochomwa mapema viliendelea kuwa na miti inayochipua, na vilivyokingwa vikazidi kuwa vinene. Moto wa Juni unalamba nyasi na kupita. Moto wa Oktoba unakuta nyasi zimekauka hadi shina na yale majani mekundu ndiyo kwanza yametoka, unachukua akiba yote ambayo mti uliitunza tangu Mei. Anayewasha moto huo akitafuta panya au akisafisha njia ya ng'ombe hajui anachokiunguza, na sisi tunaojua hatujamwambia vya kutosha.

Miombo si miti tu. Ndege wake wanamchosha asiyewajua. Unaweza kutembea nusu saa usisikie hata mlio mmoja, ukaamini msitu ni mtupu. Kisha ghafla mti mmoja unajaa. Mramba mweusi anatua kwanza, mkia wake umepasuka kama mkia wa samaki. Nyuma yake wanakuja chozi, kisha vijindege vya kijani vyenye miwani nyeupe machoni, na gogota anayepanda shina akibisha. Wametoka jamii kadhaa, wanasafiri pamoja kiangazi chote, kila mmoja na kazi yake: huyu anakagua majani, yule gome, mwingine anamdaka mdudu anayekurupushwa na wenzake. Dakika tano, wameondoka wote, kimya kimerudi. Kwenye kundi kama hilo, kusini mwa Tanzania, unaweza kubahatika kumwona gogota mdogo anayebeba jina la Stierling, daktari aliyekusanya ndege enzi za Wajerumani. Makazi yake duniani ni miombo ya kusini mwa nchi yetu, kaskazini mwa Msumbiji na Malawi. Serengeti hayupo. Anayetaka kumwona lazima aje huku.

Kwenye makorongo yenye miti minene yuko kulukulu. Akiwa ametulia tawini ni kijani kitupu, huwezi kumtofautisha na majani. Akiruka, mabawa yanafunguka na kuonyesha wekundu wa kushtua. Wekundu huo si wa kawaida kwa ndege: rangi yake imetengenezwa kwa madini ya shaba, na mwanakemia Mwingereza Arthur Church aliyeichunguza mwaka 1869 aligundua kwamba inaweza kuyeyuka kwenye maji yenye magadi. Shaba hiyo imetoka kwenye matunda ya mwituni, na matunda yameitoa udongoni. Kulukulu, hondohondo na ninga ndio wapandaji wa msitu wa juu. Humeza matunda, huruka kutoka korongo hadi korongo, na kuziacha mbegu pamoja na mbolea yake. Korongo likibaki peke yake bila jingine la kurukia, kazi hiyo inasimama.

Lakini ndege ninayempenda kuliko wote hana rangi ya kusimulia. Mlembe ni wa kahawia, mkubwa kidogo kuliko shore; dume lake lina mdomo wa waridi na doa jeupe shavuni. Hukuita. Sauti yake ni kama kete zinazotikiswa ndani ya kopo, na haiachi mpaka umfuate. Anaruka, anatua mbele kidogo, anakusubiri, anaita tena, mpaka unafika chini ya mti wenye nyuki. Wewe una shoka na moshi, yeye ana macho. Ukishatoa asali, yeye anakula nta, chakula ambacho wanyama wachache mno wanaweza kukimeng'enya. Mwishoni mwa karne ya 16 mmisionari Mreno João dos Santos, akiwa Sofala, aliandika juu ya kindege aliyekuwa akiingia kanisani kuchokoa nta ya mishumaa. Ndiye huyuhuyu. Halei watoto wake. Hutaga kwenye viota vya wengine, kama vya keremkerem, na kifaranga chake huzaliwa na ncha kali mdomoni ya kuwaulia watoto wa mwenye kiota. Nalisema hilo kwa sababu msitu haukuumbwa ili kutufurahisha.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, warina asali wa Kiyao wana namna yao ya kumwita mlembe: ulimi unatetemeshwa, kisha mguno mfupi. Claire Spottiswoode, akiwa na Keith Begg na Colleen Begg, alipima kama mwito huo unafanya kazi kweli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Walipotumia sauti nyingine, safari zilizoishia kwenye nyuki zilikuwa kama asilimia 17. Walipotumia mwito wa wazee, zikafika asilimia 54. Mwaka 2023, Spottiswoode na Brian Wood walionyesha jambo lililonifanya niweke gazeti chini na kutembea kidogo: mlembe wa Niassa huitikia zaidi mwito wa Wayao, na mlembe wa Wahadzabe kule Ziwa Eyasi huitikia zaidi firimbi ya Wahadzabe. Ndege wa porini wamejifunza lugha za watu wa kwao. Na mahali ambapo watu wameacha kurina asali ya mwituni, mlembe naye huacha kuita.

Nilimuuliza mzee kama vijana wa kijiji wanamjua. Alitafakari kabla ya kujibu. "Wanamsikia," alisema. "Hawamwitikii."

Chini ziwani hadithi inaendelea majini. Furukombe anakaa juu ya mti mkavu, kifua cheupe, akikirusha kichwa nyuma kila anapolia. Chini yake wavuvi wanaanika dagaa. Samaki ninayemfikiria kila ninaposimama pale ni mbasa, yule mrefu wa fedha, mtamu kuliko wote kwa maoni yangu. Mbasa hazai ziwani. Mvua zikijaza mito hupanda, kama kwenye Ruhuhu, akitafuta maji yanayokimbia juu ya changarawe safi. Mto ukileta tope kutoka milima iliyochunwa, changarawe inazikwa. Mama anayekaanga mbasa Mbamba Bay na mkulima anayechoma kilele Umatengo huenda wasionane maisha yao yote, ila riziki zao zimeshikana.

Kuna mahali jambo hili lilieleweka bila hotuba. Katika kijiji cha Kindimba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Kyoto, kwa msaada wa JICA, walifanya kazi na wanakijiji miaka ya mwisho ya 1990 na ya mwanzo ya 2000. Wanakijiji wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na kijito, na kamati iliyosimamia kazi wakaiita Sengu, kwa jina la kile kikao cha sahani. Mashine ya dizeli hudai pesa. Ile ilidai maji, Oktoba kama Machi. Basi macho yakapanda juu kufuata kijito hadi chanzo chake, na watu wakaanza kupanda na kulinda miti kule, kwa kuwa unga wa watoto wao sasa ulitoka kileleni waziwazi.

Sheria ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia chenyewe, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Agosti 2022, nchi za miombo zilikutana Maputo na kutia saini tamko la kuihifadhi. Naheshimu yote hayo. Lakini kila mwaka, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ikifika, naona malori yakipakua miche ya mikaratusi na misindano, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, na pembeni kidogo mtu anang'oa visiki vya miombo ili kupisha mashimo ya miche hiyo. Mkaratusi una kazi yake. Nguzo na mbao tunazihitaji. Tuupande mahali palipokwisha kuwa patupu. Penye kisiki kinachochipua, kazi inayotakiwa ni ndogo na haina picha: kuzuia moto wa Oktoba, kuchagua chipukizi mbili au tatu zilizonyooka, kuziacha nyingine ziende kuni, na kumweka mbuzi mbali kwa miaka michache.

Nilirudi Januari. Mvua zilikuwa zimeshika, miombo imekuwa kijani kizito, na dudumizi aliimba bondeni tangu alfajiri, sauti yake ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka chupani. Kandokando ya barabara, kina mama wamepanga masuku kwenye visado, na uyoga kwenye majani mapana ya mgomba. Nilisimama kwa mmoja wao. Uyoga wake ulikuwa wa manjano ya kiini cha yai, mdogo, umepinda kama tarumbeta, na bado ulikuwa na chembe za udongo na jani moja la myombo lililonata.

"Shikamoo, mama. Huu umeuokota wapi?"

"Marahaba. Juu kule, kwenye shamba la zamani la baba mkwe."

"Si walikata miti yote pale?"

Alikuwa ameshaanza kunifungia kwenye jani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi.

"Wee, visiki si vipo? Unatoka palepale pa mwaka jana."